Projekta Haijafa, Tujifunze Kuisoma

Wandugu wanafunzi, mbele ya ukuta mweupe wa ukumbi wetu kuna maneno yanayosemwa haraka kuliko yote: "Projekta imekufa." Anayetetea kazi yake ya mwisho hupewa dakika chache. Zikipotea kwa kuhangaika na waya, hakuna wa kumrudishia. Majedwali yake yanabaki ndani ya kompyuta, naye anahukumiwa kwa kile kidogo ambacho majaji wamekiona. Mimi ninaona kwamba mara nyingi mashine si mbovu. Sisi ndio hatusomi inachotuambia.

Tuchukue maandishi yanayotutisha zaidi: "Aucun signal." Wengi wakiyaona hukata tamaa. Lakini mashine iliyokufa haiandiki. Maandishi hayo yanathibitisha kwamba umeme unafika na taa inawaka. Kinachokosekana ni picha kutoka kompyuta. Basi kwanza tukaze waya pande zote 2. Pili, tubonyeze kitufe cha "Source" mpaka projekta ielekee mlango wenye waya wetu. Tatu, kwenye Windows, tushike kitufe cha Windows pamoja na herufi P, tuchague picha ile ile ionekane pande zote. Ukichagua kupanua skrini, ukuta utaonyesha mandhari matupu bila slaidi zako, na watu watasema tena kwamba mashine imeharibika.

Rangi nazo zinasema. Waya wa VGA hupitisha nyekundu, kijani na buluu, kila moja katika njia yake. Picha ikigeuka buluu-kijani, nyekundu haifiki. Ikiwa ya zambarau, kijani kimekatika. Ikiwa ya manjano, buluu imepotea. Tazama kama kijisindano kimepinda, kisha jaribu waya mwingine kabla ya kulaumu projekta. Na skrini bapa ya kompyuta ikiwa nyeusi ingawa imewashwa, imulike kwa tochi ya simu kutoka pembeni. Ukiona picha hafifu, basi picha inafika, ila mwanga wa nyuma ya skrini umezimika. Hapo muite fundi, wala usifungue kitu mwenyewe.

Magonjwa ya kweli yapo. Projekta inayozimika yenyewe baada ya muda mara nyingi imepata joto kwa sababu vumbi limeziba kichujio chake. Umeme ukikatika ghafla, feni inasimama wakati taa ingali moto sana, na taa inaumia. Hilo hatuwezi kulizuia. Lakini tunaweza kuacha tabia ya kung'oa prizi mara kikao kinapokwisha, maana tunaifanyia taa ubaya ule ule kwa mikono yetu. Tuzime kwa kitufe, tungoje feni itulie, ndipo tuchomoe.

Najua wapo watakaosema: hii ni kazi ya watu wa informatiki, sisi ni watu wa lugha. Sikubali. Fundi akifika anauliza mashine ilionyesha nini, nasi tunajibu "imekufa". Jibu hilo halimsaidii. Kuzimika, kufifia, kupepesa na kugeuka rangi ni mambo 4 tofauti, na kila moja linamwelekeza mahali pake. Kutaja dalili kwa neno lake sahihi ni kazi ya lugha kabisa. Kama sisi hatuwezi kuifanya, nani ataifanya?

Katiba yetu ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa. Hapa kitivoni tunakichambua, tunakiandikia kazi, lakini karibu na prizi ya ukumbi hakuna hata mstari mmoja wa Kiswahili unaomsaidia mtu mwenye haraka. Ninapendekeza mambo 2. Tuandike karatasi moja, dalili upande huu na dawa upande ule, tuibandike ukutani. Na kila promosheni ichague watu 2 wa kufika nusu saa mapema siku za kutetea, wajaribu kompyuta ya kila mmoja kabla majaji hawajaketi. Gharama yake ni karatasi na gundi. Mwaka huu bado kuna watakaotetea, tuanze nao.