Mazutu ya Kilwa, bukari ya Lubumbashi

Ndugu vijana wa Lubumbashi, kila delestaje tunapiga makelele, na tuko na haki. Lakini tuangalie pia Kilwa, kule kwenye ziwa Moero, zaidi ya kilometa 300 toka hapa. Laini kubwa ya Inga ilijengwa juu ya migodi, ikaishia Kolwezi. Shaba ya Dikulushi ilipita bandari ya Kilwa, ikavuka ziwa kuenda Zambia. Mukulima alibaki na jembe lake.

Hilo linatugusa. Zambia ikifunga mupaka kwa mahindi, bei ya unga inapanda hapa muji, na bukari inapungua kwenye sahani. Kumbe udongo tuko nao, na maji tuko nayo.

Penye umeme ni kidogo, saa njo mali. Pampu ya jua inavuta maji mengi toka saa nne asubuhi mpaka saa nane. Mboga nazo zinataka maji asubuhi ao jioni, wakati jua haliyakaushe mbio. Basi pampu ijaze tanki muchana, jioni maji yashuke yenyewe mpaka shambani. Hapo betri haina kazi, na betri njo inakula feza nyingi.

Mashine ya kusaga ni vilevile. Moteri ikiwashwa juu ya meka moja ya mahindi, inachoma mazutu bure, na mama analipa. Wakulima wakipatana siku za kusaga, mahindi yakusanyike, litre moja inasaga mengi zaidi.

Lakini tusidanganywe. Kupanga saa hakuzai umeme. Mukubwa asije kumwambia mukulima «tumia vizuri» wakati hajamupatia kitu cha kutumia.

Kwa hiyo tunadai mambo mawili:

1. Tangu Kode ya migodi ya 2018, jimbo linapata 25% ya redevansi ya migodi. Serikali ya jimbo ionyeshe ni kiasi gani kinaenda kwenye pampu, matanki na mashine za kusaga za wakulima.

2. Kila mashine itakayonunuliwa ikabiziwe kikundi cha wakulima chenye ratiba na daftari la matumizi, vyote vibandikwe mbele ya watu wote.

Vijana, tuulize wabunge wetu wa jimbo sasa, mbele kiangazi kingine hakijafika. Ni bukari yetu.