Mkate wa Jodari kwa Mtindo wa Kijapani

Kwetu Ajia bahari i mbali. Jodari hutufikia ndani ya kopo. Asipopatikana, samaki wa Mto Nile aliyechemshwa na kutolewa miiba hufaa.

Mahitaji: Jodari kopo 1, kitunguu nusu, tango dogo 1, mayonezi vijiko 3, siagi, chumvi, mkate laini vipande 6.

Namna ya kutayarisha: Mkamue samaki. Katakata kitunguu na tango, nyunyiza chumvi, ngoja dakika 10, kisha kamua maji yote ili mkate usilowe. Changanya na mayonezi. Paka mkate siagi, jaza, kata kingo.

Angalizo: Mama, usimfungie mtoto mkate huu kwenda nao shuleni. Samaki huharibika upesi katika joto, na huweza kumletea ugonjwa wa tumbo. Uliwe mara moja.