Geti Likitoka Kwenye Reli

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, tope la Marangu, Kibosho na Machame hujaa kwenye reli ya geti la kusukuma. Mtoto hulisukuma kwa nguvu, magurudumu huruka, reli hupinda. Wengi wetu hungoja baba arudi safari. Tusingoje! Geti la chuma lililoacha reli laweza kumwangukia mtoto na kumwua. Sheria ya ukingo juu ya dari, katika Kumbukumbu la Torati 22:8, ilihusu hatari ya namna hiyo hiyo. Lifungeni kwa mnyororo kwenye nguzo, watoto wasiliguse, ndipo mtafute fundi.

Si kila mwenye mashine ya kuchomelea ajuaye mageti. Twashauri kumwuliza jirani ambaye geti lake laenda vizuri, au kuulizia chuo cha ufundi cha VETA, Moshi. Pataneni bei kabla hajaanza. Reli iliyopinda sana ikatwe, kiwekwe kipande kipya. Huku milimani aipime kwa pimamaji, maana ikiinama geti hujiendesha lenyewe. Achomelee pia vyuma vya kulizuia pande zote mbili. Salio alipwe mama akishalisukuma mwenyewe.