Sinema Tunazoletewa Huku Milimani

Mwandishi wa maneno haya si fundi wa sinema wala si mwamuzi wa mashindano. Ni mkazi wa Bombo, katika milima ya Upare (si Bombo ile ya hospitali ya Tanga, ambayo wageni huichanganya na yetu), naye hutazama picha apatapo nafasi. Lakini mtazamaji naye ana haki ya kusema, maana ndiye alipaye kiingilio.

Majuma haya nimetazama picha za namna mbili. Kwanza ni zile za kigeni, za ngumi na bunduki, ambazo mfasiri ameweka sauti yake juu ya maneno ya wachezaji. Ndiyo kazi iliyompatia jina Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kama Lufufu. Wako wasomi waidharauo kazi hii, mimi nawapinga. Mfasiri huyo hueleza, hutania, humkemea mwovu kabla hajapigwa, na bibi asiyejua neno moja la Kiingereza hucheka pamoja na mjukuu wake. Wakati huo huo watengenezaji wetu wenyewe, ambao wachezaji wao husema Kiswahili, walikuwa wakizipa picha zao majina ya Kiingereza. Dar 2 Lagos ya mwaka 2006, aliyocheza marehemu Steven Kanumba, ni mfano mmoja tu kati ya mingi. Twauliza: bango la namna hiyo lilikuwa likimwita nani?

Picha ya pili ni Vuta N'kuvute, iliyotengenezwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi, na kuonyeshwa Toronto mwaka 2021. Ni habari ya Unguja ya miaka ya 1950: Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mume mzee, anakutana na Denge, mpigania uhuru. Hii ni kazi njema. Kiswahili chake ni kitamu, na vichochoro vya mji vimepigwa picha kwa utulivu usio na haraka. Lawama yangu ni moja. Mapenzi yamepewa uwanja mpana na siasa imebanwa pembeni. Aliyesoma kitabu ataona kwamba Denge wa kitabuni ana kazi nyingi zaidi. Hata hivyo picha hii ilifika Toronto upesi, na mimi niliiona katika simu ya kijana, kioo chake kikiwa na ufa.

Hapo ndipo penye kisa. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza walitengeneza sinema huko Vugiri, Usambara, ng'ambo tu ya bonde la Mkomazi. Walizipakia katika lori pamoja na sahani za santuri, wakazizungusha vijijini kutufundisha habari za safura na kuweka akiba posta. Nia yao ilikuwa ya watawala, lakini lori lilifika. Katika miaka ya 1950 Rashidi Kawawa alicheza katika Muhogo Mchungu, naye mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu. Basi nchi hii haikuanza jana kujua nguvu ya sinema.

Sijapata kuona picha ya hadithi inayohusu Upare. Si kwamba hadithi hazipo. Januari 1945 maelfu ya Wapare walishuka Same kukataa kodi ya mbiru, wakapiga kambi huko kwa miezi, wakila chakula kilichopelekwa kutoka majumbani; na wanawake nao wakaandamana huko Usangi. Profesa Isaria Kimambo aliziandika habari hizo katika kitabu cha mwaka 1971. Mna humo umati, ushupavu, mabwana wa wilaya waliochanganyikiwa, na milima yenye ukungu ambayo haihitaji kujengwa na fundi seremala. Mtengeneza picha ataka nini tena?

Yafaa wenye fedha na vyombo waje waitengeneze, na kwa jina la Kiswahili. Waje upesi, kwa kuwa mtoto aliyekuwa na miaka minane wakati ule sasa anakaribia tisini, na wanaoweza kueleza jinsi kambi ile ilivyokuwa wamebaki wachache. Ikiisha, iletwe huku kwanza, kwa lori na shuka jeupe. Uwanja wa kuitundika tutautafuta wenyewe.