Fundi amekubali kumpokea mtoto. Kwa masharti gani?



Juma lililopita, baada ya kuhesabu pesa za likelemba, mama mmoja wa Mangobo alibaki amekaa. Mwanawe ana miaka 16, masomo yamesimama kwa kukosa pesa, na fundi mmoja wa Makiso amekubali kumpokea garajini. Kumpokea, maana yake afagie, achote maji, ashike taa wakati wengine wanafungua motere. Kwa miaka mingapi? Fundi hakusema. Atapata nini? Fundi alicheka tu, akasema ndivyo yeye mwenyewe alivyojifunza. Mama anatuuliza: hiyo ni desturi ao tunaonewa?

Tulipoanza kujibu tuliona tunarudi nyuma sana, mpaka kwa motokari za kwanza.

Mji huu, wakati ukiitwa Stanleyville, ulikuwa wa mto na reli kabla ya kuwa wa barabara. Reli ya Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo, kilomita 125, ilifunguliwa mwaka 1906. Motokari zilipanda mto juu ya meli kutoka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700, na esanse yao vilevile, ndani ya mapipa. Kipande kikivunjika, ungoje meli, ao umtafute mtu anayejua kukitengeneza upya kwa tupa na nyundo. Mwaka 1925 msafara wa Citroën ulipita katika msitu wetu: magari nane yenye mikanda ya mpira nyuma, yaliyotoka Algeria na kwenda mpaka Bahari ya Hindi. Wale walisafiri na mafundi wao wenyewe, na vifaa vilitangulizwa njiani. Vitabu vinawasifu sana. Lakini barabara za wakati ule zilifunguliwa na babu zetu kwa jembe na panga, kwa kulazimishwa, na bibi zetu ndio waliotafuta cha kuwapikia.

Kisha kamyo ziliongezeka. Kampuni ya Vicicongo, iliyoanzishwa mwaka 1924 na kuweka makao yake Aketi, ilikuwa na reli na kamyo za kubeba pamba na kahawa. Na juu ya kila kamyo alipanda mtu ambaye hatumwoni katika picha za zamani: boi-shofa. Aliitwa boi hata akiwa na mvi. Alfajiri yeye ndiye aliyezungusha chuma cha mbele ili motere iwake, na chuma kile kikirudi kwa nguvu kilivunja mkono. Kwenye mlima alikimbia nyuma na gogo la kuzuia gurudumu. Kwenye daraja la miti alitangulia kuangalia kama mbao zitabeba. Hakuna aliyekaa naye kumfundisha. Vitabu vya motere vilikuwa vya Kifaransa, ndani ya ofisi ya Mzungu. Boi-shofa alisoma kwa macho, usiku akalala chini ya kamyo, na siku moja dereva alipougua, kumbe anajua yote.

Anajua, lakini hana karatasi. Ndiyo shida iliyotufikia sisi. Wazungu wengi walipoondoka, mwaka 1960 na tena katika vita vya 1964, watu hao ndio waliobaki na kazi mikononi, na waliwapokea vijana kwa namna ileile waliyopokelewa wao.

Tarehe 30 Novemba 1973 ikaja zaïrianisation. Maduka na kampuni za wageni zikagawiwa, na wengi waliozipata waliuza kilichokuwa ndani bila kuagiza kingine. Piesi zikapotea. Hapo ndipo fundi wetu alipojifunza kutoa gari moja zima katika magari matatu yaliyokufa. Uporaji wa 1991 na 1993 ukamaliza kilichobaki, halafu vita ikafunga njia ya mto. Magari yakasimama, majani yakaota katikati ya magurudumu, na mji ukapanda toleka. Fundi aliyezoea motere ya mazuti sasa alikuwa na pampu, viraka na beseni la maji la kutafutia tundu la mpira. Zile siku sita za Juni 2000 hakuna mama wa hapa anayehitaji kusimuliwa.

Basi tulimjibu mama hivi: ni desturi, lakini asili yake si kwa wazee wetu. Ni ya boi-shofa, na boi-shofa hakuwa na mama wa kumsemea kwa tajiri. Sheria ya Kazi ya 16 Oktoba 2002 inautambua mkataba wa mtu anayejifunza kazi. Na mwenye uwezo wa kulipa aulize INPP, ambayo ipo hapa mjini na inafundisha umekanika. Binti pia aulize, tusimwachie cherehani peke yake.

Mama hana uwezo huo. Kwa hiyo Jumatatu watatu kati yetu tulimsindikiza kwa fundi, na daftari. Alishangaa, akatuletea benchi. Tulibishana saa nzima. Miaka mitatu, si zaidi. Chakula cha saa sita juu ya fundi. Kifaa kikivunjika bila makusudi, mtoto halipi. Na asinyonye esanse kwa mdomo kuitoa katika tanki: hilo tulilikazia, kwa sababu ikiingia katika mapafu inaweza kuua. Kwa hilo fundi hakubisha. Alituambia aliwahi kuimeza akiwa kijana.

Alichokataa ni kumpa mtoto seti ya funguo za boloni siku ya kumaliza. Alisema ni ghali. Mwishowe aliandika kwa mkono wake: funguo namba 10, 13 na 17. Mama akaweka kidole chini yake, na karatasi iko katika sanduku la likelemba.