Kabambare: Wati 1000 zilizoandikwa kwenye spika hazilishi bafle

Mafundi wa Kabambare na Kasongo wanajua kutengeneza bafle. Wanakata mbao, wanagundisha, wanafunika kwa kitambaa, na Jumapili kwaya inaimba. Kosa haliko mikononi mwao. Linaanzia sokoni, siku ya kuchagua spika yenyewe, ile yenye karatasi mbele na sumaku nyuma. Mnunuzi anaigeuza, anasoma « 1000 W » kwenye sumaku, anatoa dola. Kisha waamini wanashangaa kuona batri inakufa kabla ya mahubiri kwisha.

Hizo wati haziambii mtu kama spika inalia kwa nguvu. Zinadai tu kusema kiasi gani cha umeme inaweza kuvumilia bila kuungua, na mara nyingi hata hapo ni uongo wa kiwanda. Ni sawa na kusoma kwenye lori kwamba linabeba tani 10: dereva bado hajui linakunywa mafuta kiasi gani.

Namba ya kutafuta ni nyingine, nayo haiandikwi kwa herufi kubwa: spika inatoa desibeli ngapi ikipewa wati 1, mtu akipima kwa umbali wa metre 1. Kuna spika za 86, kuna za 96. Tofauti ya 10 inaonekana ndogo, lakini kwa hesabu ya desibeli maana yake ni umeme mara 10.

Hapa Kabambare hesabu hiyo inauma, kwa sababu umeme wa watu wengi ni paneli na batri, au jenereta ambayo mafuta yake yanapita kwenye barabara ambazo kila mtu anazijua. Ampli ndogo inayokula moja kwa moja kwenye batri ya volti 12, bila kifaa cha kupandisha volti ndani yake, haiwezi kupeleka zaidi ya wati 18 hivi za sauti safi kwenye spika ya omu 4, hata kama kwenye kartoni wameandika 200. Volti 12 ni volti 12. Wati hizo 18 zikiingia kwenye spika ya 96, ua zima la kanisa linasikia. Zikiingia kwenye spika ya 86, ili ifikie sauti ileile fundi atahitaji wati 180. Huo ni mkondo wa ampea 15 na zaidi. Batri ya ampea-saa 100, ambayo haifai kumalizwa zaidi ya nusu kama mtu anataka idumu, haitafika mbali zaidi ya saa 3 ikisukumwa hivyo mfululizo. Ni kweli muziki hausukumi wakati wote. Lakini wenye kinanda na ngoma hawajulikani kwa upole.

Kwa nini basi sabufa ya gari inapendwa? Kwa sababu ni nzito mkononi na inapendeza macho. Karatasi yake nzito na ukingo wake mnene wa mpira vilitengenezwa ili itoe besi ndani ya kisanduku kidogo nyuma ya kiti cha gari, injini ikichaji batri njia nzima. Anton Hofmann, mmoja wa Wamarekani watatu walioanzisha kampuni ya KLH mwaka 1957, alieleza jambo hili vizuri: besi ya chini, sanduku dogo, sauti kubwa kwa umeme kidogo, mjenzi anapata mawili, la tatu analiacha. Mtu wa Ulaya anayeishi katika chumba kidogo chenye umeme usiokatika anaacha umeme kidogo. Kabambare ni kinyume: mbao zipo, umeme ndio ghali. Cha kuacha hapa ni udogo wa sanduku. Spika ya inchi 12 au 15, karatasi nyepesi, ukingo wa kitambaa chenye mikunjo, ndani ya sanduku kubwa lililozibwa vizuri, ndiyo inayolingana na mahali.

Wakongomani wengine waliona hili zamani. Mingiedi na wenzake wa Konono N°1 huko Kinshasa walipiga likembe kwa vinasa sauti walivyotengeneza kwa sumaku za vipande vya magari ya zamani, wakapitishia sauti kwenye spika za honi, zile zenye mdomo mpana kama za msikiti. Honi inatupa sauti mbali kwa wati chache. Haina besi, kwa hiyo kwaya haiwezi kuitegemea peke yake, lakini kwa matangazo na adhana hakuna kinachoishinda.

Vijana watasema wanataka besi inayotikisa kifua kwenye harusi. Ni haki yao. Basi walipe jenereta ya usiku huo, wasipakie deni hilo kwenye batri ya kanisa.

Kamati inayokusanya pesa za bafle inaweza kumtuma fundi sokoni na vitu vitatu: multimeta, ampli ndogo, batri. Spika ya omu 8 iliyo nzima husoma karibu 6, ya omu 4 husoma zaidi kidogo ya 3. Asukume karatasi polepole kwa vidole pande zote kwa usawa. Ikikwaruza ndani, waya umeshapinda. Avue kifuniko cha mpira cha nyuma kama kinatoka, maana mara nyingine ndani yake kuna sumaku ya kitoto. Kisha aunganishe spika mbili za omu sawa kwa zamu kwenye ampli moja, bila kugusa kitufe cha sauti, na asikilize ipi inalia zaidi. Muuzaji akikataa kuziunganisha, kuna meza nyingine sokoni.