Mbegu zitoke kwetu

Tangu vita vya 1996 na 1998, sisi walimaji wa Kivu tumerudi mashambani mara nyingi mikono mitupu. Ng'ombe walikwenda, mbuzi walikwenda, na maharagwe tuliyowekea sezoni ya kufuata yaliliwa njiani ao yalibebwa na wenye bunduki. Mashirika yakatugawia majembe na mbegu. Tunasema aksante, bila ile jembe wengi wetu hawangelima.

Lakini msaada wa mwaka wa kwanza umegeuka desturi. Kila sezoni tunaandikishwa, kisha tunangoja lori. Mvua ya sezoni A inaanza mwezi wa 9. Lori likifika mwezi wa 11, ile mbegu inaingia kwenye chungu, si kwenye udongo, na nani atamlaumu mama mwenye watoto wenye njaa? Tena mara ingine ni maharagwe ya kununuliwa mbali, yasiyozoea baridi ya milima yetu.

Tunaona feza ya kununua mbegu ipitie kwa koperative. Maharagwe hayachanganyiki ovyo shambani: aina uliyopanda njo utakayovuna, na kilo moja ikitunzwa vizuri inaweza kuzaa kama kumi. INERA ya Mulungu, hapa Kivu ya Kusini, inafanya kazi ya mbegu za kuanzia. SENASEM njo yenye kukagua shamba na kutoa cheti. Kinachokosa ni mnunuzi wa kutia sahihi mbele ya kupanda, si kisha kuvuna.

Na sisi tuna sehemu yetu, si ndogo. Shamba la mbegu halichumwi mboga ya jioni. Mmea wenye ugonjwa unang'olewa, hata kama ni wa mjomba wa prezida wa koperative. Buture za mihogo zisikatwe kwenye mti wenye majani ya kujikunja na madoa ya manjano: hiyo ni mozaiki, unampelekea jirani. Maharagwe yakikauka yachanganywe na majivu, sababu ya wadudu, na ghala iwe na funguo mbili, mmoja kwa mama wa komite.

Watu watauliza: na vita vikirudi? Vinaweza kurudi, tunajua. Njo maana mbegu zote zisilale katika ghala moja. Kila koperative iweke sehemu kwa wenzake wa kilima kingine, na wao waweke kwake, ili mwenye kukimbia akirudi apate pa kuanzia mbele ya mvua.